Las Vegas: kamari imehamia kwenye bili

Julai 2024 hoteli ya Mirage mjini Las Vegas ilifanya kazi ambayo kasino yoyote huiogopa: kugawa pesa. Ilikuwa inafungwa baada ya miaka 34, na kwenye baadhi ya mashine zake za sloti kulikuwa na zawadi zilizokuwa zimekua kidogo kidogo kutokana na fedha za wachezaji. Sheria za Nevada haziruhusu kasino kufunga virago na fedha hizo. Ikatangazwa wiki moja ya kuzimwaga, jumla ya dola milioni 1.6, watu wakafurika, na tarehe 17 ya mwezi huo milango ikafungwa. Mahali pake inajengwa hoteli ya Hard Rock yenye umbo la gitaa.

Mirage ilistahili kuagwa kwa kishindo, kwani ndiyo iliyoigeuza biashara ya mji ule. Mwekezaji wa kasino Steve Wynn alipoifungua mwaka 1989 ilikuwa imegharimu zaidi ya dola milioni 600, nyingi zikiwa za mkopo, na watu wa masoko ya mitaji walipiga hesabu kwamba ingehitaji kuingiza karibu dola milioni moja kila siku ili kubeba madeni. Meza za kamari peke yake zisingeuweza mzigo huo. Kabla ya hapo kanuni ya Las Vegas ilikuwa nyepesi: chumba rahisi, chakula rahisi, muziki rahisi, vyote chambo cha kumvuta mtu hadi kwenye kete na karata. Wynn akajenga volkano ya bandia mbele ya hoteli, akaleta simbamarara na waganga wa mazingaombwe, akaweka migahawa ya bei ya juu, na kila kimoja akakitaka kizalishe faida chenyewe. Wengine wakamfuata: Excalibur 1990, Luxor na MGM Grand 1993, Bellagio 1998, Venetian na Paris 1999. Kufikia mwisho wa muongo ule, hoteli kubwa za pale zilikuwa zinaingiza zaidi ya nusu ya mapato yao nje ya kamari. Leo kamari huleta karibu theluthi moja tu, na kwingine chini ya hapo.

Ushauri mwingi kuhusu mji huu bado unaandikwa kana kwamba tuko mwaka 1975. Mgeni hufundishwa kuchunga mfuko wake mezani, halafu anakamuliwa mapokezini, maegeshoni, kwenye glasi ya maji na kwenye tiketi ya onyesho. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar asiyegusa kamari kwa sababu ya dini yake asidhani amejihami kwa kutocheza. Yeye ndiye mteja ambaye hoteli zimejipanga kumhudumia, na kumtoza.

Ukubwa wenyewe ni huu. Mwaka 2024 wageni milioni 41.7 walifika Las Vegas, wakalala kwenye vyumba vipatavyo 150,000. Kasino za jimbo zima la Nevada zilibakiwa na dola bilioni 15.6 baada ya kuwalipa washindi, zaidi ya nusu ya hizo zikitoka kwenye barabara moja tu, Las Vegas Boulevard, katika kipande chake kinachoitwa Strip, chenye urefu wa takriban kilomita 7. Cha kuchekesha ni kwamba sehemu kubwa ya Strip haimo ndani ya mipaka ya jiji la Las Vegas. Imo katika eneo la Paradise, lililoundwa mwaka 1950 wenye kasino walipotaka kukwepa kodi za meya. Nevada haimtozi mkazi wake kodi ya mapato, na kodi ya kasino hufikia asilimia 6.75 ya mapato ya kamari, kiwango kidogo kuliko majimbo mengi ya Marekani. Mzigo mkubwa umewekwa juu ya mgeni, kupitia kodi ya vyumba. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tuanze na chumba, maana ndiko fedha nyingi zinakovuja. Bei ya kitanda Las Vegas hubadilika kama bei ya nyanya sokoni. Chumba cha dola 60 Jumanne kinaweza kuwa dola 250 Jumamosi, na dola 500 wiki ya CES, maonyesho ya vifaa vya elektroniki ya kila Januari yanayokusanya watu zaidi ya 100,000. Novemba kuna mbio za magari za Formula 1, zilizoanza kupita katikati ya Strip mwaka 2023, na kuna maonyesho ya SEMA ya wauza vipuri na mapambo ya magari. Kalenda ya mikutano hutolewa hadharani na mamlaka ya utalii ya mji, na kuisoma kabla ya kukata tiketi kunaokoa fedha kuliko punguzo lolote. Jumapili hadi Alhamisi, katika wiki isiyo na maonyesho, ndiyo njia.

Bei hiyo bado si bei. Juu yake kuna ada ya huduma ambayo karibu kila hoteli kubwa huitoza kwa usiku, mara nyingi kati ya dola 35 na 55, eti kwa ajili ya intaneti, ukumbi wa mazoezi na simu za ndani ambazo hakuna anayezipiga. Juu ya vyote viwili inakaa kodi ya takriban asilimia 13. Chukua chumba cha dola 60 na ada ya dola 45: kufika kwenye dawati la mapokezi unadaiwa karibu dola 119, maradufu ya ulichokiona kwenye tangazo. Tangu Mei 2025 kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, inazilazimisha hoteli kuonyesha bei pamoja na ada za lazima tangu mwanzo. Ada haikufutwa, imewekwa tu mahali inapoonekana, na kodi za serikali bado zinaweza kuja mwishoni. Anayelinganisha hoteli asome ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa.

Ukweli ni kwamba hoteli hizi hazina uhuru mkubwa wa kulegeza. Majengo mengi ya Strip si mali ya kampuni ambazo majina yao yanawaka kwa taa juu ya paa. Bellagio iliuziwa kampuni ya uwekezaji ya Blackstone mwaka 2019 kwa dola bilioni 4.25, kisha MGM, kampuni iliyoiuza, ikaanza kuikodi. Caesars Palace, MGM Grand na Venetian ni za VICI, kampuni ya kumiliki majengo na kukusanya pango. Pango hilo hulipwa mji ukijaa au usipojaa. Meneja anayejua kodi ya pango ya mwezi ujao haiwezi kusubiri hutafuta dola kila kona, na ndiyo maana mwaka 2016 MGM ilivunja mila ya miaka mingi ikaanza kutoza maegesho ya magari kwenye Strip, na washindani wake wengi wakafuata. Kwa maoni yangu hilo liliudhi wateja kuliko meza zote zilizobadilishiwa sheria. Mtu akipoteza dola 200 kwenye kete anacheka na marafiki, ila akitozwa dola 20 za kuegesha gari analalamika hadi anafika nyumbani.

Asiyetaka moshi wala kelele za mashine ana njia ambayo wageni wengi hawaijui: katikati ya Strip zipo hoteli zisizo na kasino kabisa, Vdara na Waldorf Astoria zikiwamo. Kwingine utalazimika kupita katikati ya uwanja wa kamari kila unapotoka kununua chai, kwa sababu ramani ya jengo imechorwa hivyo makusudi. Misikiti na migahawa ya halali ipo, lakini nje ya Strip, kwa safari fupi ya teksi.

Kutoka uwanja wa ndege wa Harry Reid, ambao nao umejaa mashine za sloti hadi kwenye milango ya kupandia ndege, teksi za kwenda Strip zina bei maalumu kulingana na kanda. Uliza bei hiyo kabla ya kufunga mlango, kwa sababu zamani madereva walizoea kumzungusha mgeni kupitia handaki la barabara kuu ili mita ipande. Reli ya juu iliyofunguliwa mwaka 2004 haifiki uwanja wa ndege. Hupita upande wa mashariki tu, kutoka MGM Grand hadi Sahara, nyuma ya hoteli. Basi liitwalo Deuce hupita barabarani mchana na usiku, na mwenye haraka asilipande Ijumaa jioni.

Kutembea kwa miguu kunadanganya. Majengo ni makubwa mno hata jicho linapoteza kipimo: hoteli unayodhani ni jirani iko dakika 25 mbele, kupitia madaraja na ngazi zinazokupitisha ndani ya kasino mbili. Kiangazi jambo hili ni la afya. Tarehe 7 Julai 2024 kipimajoto cha uwanja wa ndege kilisoma nyuzi 48.9 za Selsiasi, rekodi ya mji. Joto lile ni kavu, tofauti kabisa na la Dar es Salaam. Jasho hukauka kabla halijakuonya. Chupa ya maji ndani ya chumba cha hoteli huuzwa kwa bei ya mlo, na dukani, barabara hiyo hiyo, ni dola chache. Vitu vilivyopangwa ndani ya friji ya chumbani usivishike hata kwa kuvitazama, kwani baadhi ya friji zina vihisio vinavyoandika deni chupa ikiinuliwa.

Sasa meza. Anayetaka kucheza asiulize atashinda vipi. Aulize anacheza kwa bei gani, maana kila mchezo una fungu lake la kasino, asilimia ya kila dola inayowekwa ambayo hubaki kwa mwenye nyumba baada ya muda. Kwenye kete, dau la msingi huiachia kasino asilimia 1.41. Bakara, mchezo wa karata, ukiweka upande wa benki ni asilimia 1.06, lakini dau la sare kwenye meza hiyo hiyo hupanda hadi zaidi ya 14. Keno, mchezo wa kubahatisha namba, ni msiba: robo ya fedha au zaidi haitoki tena.

Ruleti ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi bei ilivyopandishwa bila kutangazwa. Gurudumu la Ulaya lina sifuri moja, na fungu la kasino ni asilimia 2.7. La Marekani lina sifuri mbili, asilimia 5.26. Mwaka 2016 Venetian ilileta gurudumu la sifuri tatu, asilimia 7.69, na likaenea kwa sababu wachezaji wengi hawakuhesabu. Hesabu ni rahisi kuliko mtu anavyofikiri: kila sifuri ni tundu la ziada ambalo mshindi halipwi kwa ajili yake.

Kwenye blekijeki, mchezo wa karata wa kutafuta 21, tazama maandishi yaliyochapwa kwenye kitambaa cha meza kabla ya kuketi. Yakisema 3 kwa 2, ukipata 21 kwa karata mbili za kwanza dau la dola 10 hulipwa dola 15. Yakisema 6 kwa 5 hulipwa dola 12. Dola tatu zilizopungua zinaonekana ndogo, lakini huongeza fungu la kasino kwa takriban asilimia 1.4, yaani hulikuza mara tatu au zaidi kwenye mchezo ambao, ukichezwa vizuri, ulikuwa wa bei nafuu kuliko yote. Meza nyingi za madau madogo kwenye Strip sasa ni 6 kwa 5. Katikati ya mji wa zamani, mtaa wa Fremont, bado unaweza kubahatika kupata sheria bora kwa dau la chini.

Mashine za sloti ndizo zinazolisha kasino kuliko meza. Sheria ya Nevada inadai mashine irudishe angalau asilimia 75 ya kinachoingia, na nyingi hurudisha zaidi ya hapo, lakini zile zinazoitwa za senti moja hubakiza zaidi ya senti 10 za kila dola kwenye Strip. Jina hilo la senti moja ni la heshima tu: dau la chini mara nyingi ni senti 50 au zaidi kwa mzunguko, na mtu mwenye kidole chepesi huzungusha mara 600 kwa saa. Akiweka dola moja kila mara, saa moja humgharimu wastani wa dola 60. Ni ndugu wa dubwi za mitaani Dar es Salaam, ila hizi zina viti vya ngozi na muziki mzuri zaidi.

Hapo ndipo linapoingia suala la takrima: vinywaji vya bure, chumba cha bure, chakula cha bure. Watu hudhani takrima hufuata kiasi mtu alichopoteza. Kasino haiangalii hivyo. Inakadiria hasara yako ya nadharia: wastani wa dau, mara idadi ya michezo kwa saa, mara saa ulizokaa, mara fungu la mchezo huo. Mtu anayeweka dola 15 kwenye meza ya 6 kwa 5, karata 60 kwa saa, kwa saa nne, amezungusha dola 3,600. Kwa asilimia 2, kasino inamhesabia kuwa na thamani ya dola 72, na itakuwa tayari kumrudishia sehemu tu ya hizo. Mlo mmoja wa bafe kwenye hoteli kubwa unaweza kuzidi sehemu hiyo. Kadi ya uanachama ichukue, ni ya bure na hukupa punguzo la chumba hata usipocheza sana, lakini anayeongeza dau ili apate chakula cha bure ananunua chakula ghali.

Kodi ina kituko chake, na kinamhusu Mkenya na Mtanzania moja kwa moja. Mgeni asiye mkazi wa Marekani akishinda zawadi kubwa kwenye sloti, kasino humkata asilimia 30 papo hapo na kuipeleka kwa mamlaka ya mapato ya Marekani. Kiwango cha kuripotiwa, kilichokuwa dola 1,200 kwa miaka mingi, kilipandishwa hadi 2,000 kuanzia Januari 2026. Baadhi ya nchi, Uingereza mojawapo, zina mkataba wa kodi unaowaondolea raia wake makato hayo. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa namna hiyo na Marekani. Lakini sheria hiyo hiyo inamsamehe mgeni kodi ya ushindi wa blekijeki, bakara, kete na ruleti. Jamaa zetu wanaoishi Marekani kihalali wana hesabu nyingine: ushindi ni kipato cha kutangazwa, na tangu 2026 hasara inayoweza kukatwa kwenye ushindi ni asilimia 90 tu, hivyo mtu aliyeshinda 10,000 na kupoteza 10,000 anaweza kudaiwa kodi ya fedha asiyokuwa nayo.

Ugomvi na kasino ukitokea, usiondoke kwenye mashine wala usibonyeze tena. Bodi ya Udhibiti wa Kamari ya Nevada ipo tangu 1955, na kasino ikishindwa kuelewana na mteja kuhusu dola 500 au zaidi, sheria inaitaka iijulishe bodi mara moja. Chini ya hapo, inapaswa kumweleza mteja haki yake ya kuomba uchunguzi. Umri wa kucheza ni miaka 21, na pasipoti hutakiwa hata ukiwa na mvi.

Bakshishi nayo ni gharama ya safari: noti za dola moja moja zibebwe nyingi. Dola moja au mbili kwa kinywaji cha bure, dola chache kila siku kwa anayesafisha chumba, zikiachwa asubuhi kwa sababu msafishaji wa leo huenda asiwe wa kesho. Wafanyakazi hawa si wanyonge. Chama chao, Culinary Workers Union tawi la 226, kina wanachama wapatao 60,000, wengi wao wanawake na wahamiaji, na kiliwahi kugoma nje ya kasino ya Frontier kuanzia 1991 hadi 1998 bila hata mmoja kuvuka mstari. Katika mikataba ya mwishoni mwa 2023 walipata nyongeza kubwa ya mishahara pamoja na kurejeshewa usafi wa vyumba wa kila siku, ambao hoteli zilikuwa zimeupunguza tangu janga la korona. Kwa hiyo usipoona chumba kimesafishwa, piga simu. Ni kazi ya mtu unayoitetea.

Barabarani, aliyevaa manyoya au mavazi ya katuni atapiga picha nawe kwa tabasamu kisha atakudai. Anayegawa tiketi za maonyesho za bure ni dalali wa umiliki wa nyumba za likizo kwa zamu, na bei ya tiketi ni saa mbili au tatu za kushawishiwa chumbani. Tiketi za punguzo za kweli zipo kwenye vibanda vya Strip siku ile ile ya onyesho. Chemchemi za Bellagio na dari la taa la mtaa wa Fremont ni bure, na kwa macho yangu zinashinda maonyesho kadhaa ya kulipia.

Kwa wanaotoka nyumbani, viza ndiyo swali la kwanza. Masharti ya viza za Marekani kwa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, yalikazwa mwaka 2025, hivyo habari za ubalozini zitangulie nauli. Kutoka Nairobi, Kenya Airways huruka moja kwa moja hadi New York tangu Oktoba 2018, na kutoka hapo zinabaki saa tano au sita za ndege ya ndani. Jambo la pili ni kadi ya benki. Hoteli itazuia kiasi cha dhamana kwa kila usiku, na kwenye kadi inayotoa fedha moja kwa moja akauntini kiasi hicho kinaweza kuchukua siku nyingi kurudi. Mashine za kutolea fedha ndani ya kasino hutoza ada nzito kwa kila muamala, mbali na ile ya benki yako. Toa kwenye benki, nje.

Mwaka 2025 mambo yalianza kuyumba. Idadi ya wageni ilishuka mwezi baada ya mwezi, Wakanada wakipungua sana kutokana na mvutano wa kisiasa, na malalamiko ya bei yakawa habari ya kila wiki. Baadhi ya hoteli zikaanza kufuta ada ya huduma kwa muda, nyingine zikarudisha maegesho ya bure au kuongeza chakula ndani ya bei ya chumba, na mamlaka ya utalii ikaandaa siku za punguzo mwezi Septemba. Vyumba 150,000 ni vingi kuvilaza vitupu. Anayepanga safari sasa ana nguvu ambayo wateja wa 2023 hawakuwa nayo: ahifadhi chumba chenye ruhusa ya kufuta bila malipo, aitazame bei tena wiki mbili kabla, na ikishuka afute ahifadhi upya. Hoteli nyingi kubwa za Strip huruhusu hivyo hadi siku mbili au tatu kabla ya kufika.